Kilo ngapi za kahawa kwa tani moja ya mbolea? Hotuba kuhusu bei za tunachouza na tunachonunua nje

Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wafanyabiashara wa mazao na wanafunzi wa biashara. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa. Namba zake zimo ndani ya maneno.

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu shikamooni. Ndugu wanaushirika, wafanyabiashara, vijana wetu wa chuo, habari za asubuhi.

Tusizunguke mbuyu, tuanze na hesabu. Mwaka 2020 kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa inacheza kwenye dola 1 na senti 10 kwa ratili. Ratili ni gramu 454, kwa hiyo kilo ilikuwa kama dola 2 na senti 40. Mwaka huo huo tani ya urea, ile mbolea ya kukuzia, kwenye soko la dunia ilikuwa dola 230 hivi. Gawanyeni. Tani moja ya urea ilikuwa sawa na kilo 95 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa.

Sogeeni hadi Aprili 2022. Kahawa imepanda maradufu. Ratili ni dola 2 na robo hivi, kilo inakaribia dola 5. Kuanzia Kilimanjaro hadi Mbinga, kuanzia Mbozi hadi Kagera, watu wanasema kahawa imepata bei. Urea je? Imevuka dola 900. Gawanyeni tena. Tani ile ile ya urea sasa ni kilo 185 hivi za kahawa. Nawauliza, ndugu zangu: mkulima huyu ambaye bei yake imepanda maradufu, amepata au amepatikana?

Sogeeni mara ya mwisho, hadi mwanzoni mwa 2025. Ratili ya arabika imevuka dola 4, kilo inakaribia dola 9. Urea imerudi kwenye dola 400 hivi. Tani moja ni kilo 45 hadi 50 za kahawa. Hapo ndipo mkulima amepata kweli kweli.

Angalieni kilichotokea. Bei ya kahawa ilipanda mara zote mbili, mwaka 2022 na mwaka 2025. Mara ya kwanza mkulima anayenunua mbolea alirudi nyuma, mara ya pili alikwenda mbele. Ukiangalia bei ya kahawa peke yake, huoni tofauti hiyo. Bei ya kitu kimoja haikuambii chochote mpaka uiweke mbele ya bei ya kitu kingine. Na lililo kweli kwa mkulima mmoja ni kweli kwa nchi nzima.

Wataalamu wa takwimu wanaliita jambo hili uwiano wa bei za biashara. Ni kugawanya tu. Juu unaweka fahirisi, yaani namba moja inayojumlisha mwendo wa bei, ya vitu tunavyouza nje, chini fahirisi ya vitu tunavyoagiza, unazidisha kwa 100. Ikizidi 100, mzigo ule ule tunaoupeleka bandarini unaleta vitu vingi kuliko mwaka wa kizio, yaani mwaka tunaoanzia kulinganisha. Ikipungua, unaleta vichache.

Tuifanyie kazi kwa nchi ya mfano. Katika kila 100 za mauzo yake ya nje, 60 ni dhahabu na 40 ni kahawa. Katika kila 100 za manunuzi yake, 50 ni mafuta, 20 ni mbolea, 30 ni mitambo. Huo ndio uzito wa kila bidhaa kwenye hesabu. Baada ya miaka miwili dhahabu imepanda kwa nusu, 60 imekuwa 90. Kahawa imeshuka kwa robo, 40 imekuwa 30. Jumla 120. Gazeti litaandika kwamba bei za mauzo yetu nje zimepanda kwa asilimia 20, na halitakuwa limesema uongo. Sasa upande wa pili. Mafuta yamepanda kwa asilimia 40, kwa hiyo 50 imekuwa 70. Mbolea imepanda mara mbili, 20 imekuwa 40. Mitambo haikusogea, ni 30. Jumla 140. Gawanya 120 kwa 140: unapata 85.7. Nchi imepandisha bei zake kwa asilimia 20, na kila shehena yake imepoteza sehemu moja ya saba ya uwezo wa kununua.

Kuna mtu hapa anasema moyoni: basi tuuze zaidi. Haya, tuuze. Ukiongeza shehena kwa asilimia 10, 85.7 inakuwa 94.3. Bado. Inabidi uongeze karibu asilimia 17 ili kurudi pale ulipokuwa. Yaani miti zaidi, vibarua zaidi, magunia zaidi, malori zaidi, ili upate dizeli na mbolea ile ile ya mwaka juzi. Na kama kila nchi inayolima kahawa imefikiria hivyo hivyo mwaka huo huo, bei itabaki pale?

Kabla sijaendelea, vijana wa takwimu, nisikilizeni hapa, kwa sababu hesabu hii ina mtego. Forodha haina bei. Ina thamani na idadi. Wengi wanagawanya thamani kwa idadi na kuiita bei. Fikirieni magari. Mwaka wa kwanza yameingia magari madogo ya mtumba 800 kwa dola 3,000 kila moja, na malori 200 kwa dola 20,000. Thamani yote ni dola milioni 6.4, idadi 1,000, wastani dola 6,400. Mwaka unaofuata yameingia madogo 500 na malori 500, kwa bei zile zile bila kubadilika hata senti. Wastani unakuwa dola 11,500. Ripoti itasema bei ya magari imepanda kwa asilimia 80, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyepandisha bei. Kilichobadilika ni mchanganyiko. Ndiyo maana lazima ushuke hadi tarakimu za mwisho za namba ya forodha. Korosho yenye ganda ni 0801.31 na iliyobanguliwa ni 0801.32, ukizichanganya, siku viwanda vya kubangua vitakapoanza kazi utadhani bei ya dunia imepanda. Hata ndani ya namba moja inafaa ufuatilie bidhaa ile ile, daraja lile lile, kwa muuzaji yule yule, mwezi hadi mwezi.

Mtego wa pili ni nauli. Tunachouza kinapimwa kwa bei ya FOB, mzigo ukiwa melini Tanga au Dar es Salaam. Tunachonunua kinapimwa kwa CIF, pamoja na bima na nauli. Kabla ya Korona, kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia kulikuwa chini ya dola 2,000 kwa wastani. Septemba 2021 wastani huo ulivuka dola 10,000. Kiwandani kule China sabuni haikubadilika bei, lakini hapa ilibadilika. Na yule anayenunua kahawa yetu naye anaikata nauli hiyo kwenye bei anayotupa. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wanaongezea hapo gharama ya lori kutoka Dar es Salaam au Mombasa, kwenda na kurudi.

Hayo ni ya kupima. Sasa twende kwenye yenyewe: kwa nini bei hizi zinahama, na zikihama zinafanya nini?

Nianze na mkonge, kwa sababu mkonge ni somo la mwendo mrefu. Ulikuja mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani. Mwaka 1964 zilitoka tani kama 230,000. Hakuna zao lililoingiza fedha za kigeni kulishinda.

Kisha bei ikaanguka. Kwa nini? Wenye viwanda vya kamba na nyuzi za kufungia nyasi za mifugo, Ulaya na Marekani, walipata nyuzi za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli, na mafuta wakati huo yalikuwa rahisi kama maji. Mwalimu Nyerere alipenda kuueleza ulimwengu jambo hili kwa trekta: kila miaka ikienda, inatakiwa katani, yaani nyuzi za mkonge, nyingi zaidi kununua trekta ile ile. Wanauchumi Raúl Prebisch na Hans Singer walikuwa wamelieleza tangu mwaka 1950, kwamba bei za mali ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mtu akiongezewa mshahara ananunua redio na gari. Haongezi kamba wala vikombe vya kahawa kwa kiasi hicho. Na mali ghafi siku zote inaweza kupata mshindani wa maabara.

Maelezo hayo ni mazito na yana ukweli. Lakini hayatoshi. Tazameni mwaka 1974. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na pipa la mafuta lililokuwa kama dola 3 likawa karibu dola 12 kufikia Januari 1974. Plastiki ikawa ghali, na bei ya katani ikaruka juu. Yaani kile kile kilichotuumiza kwenye manunuzi kilitufungulia mlango kwenye mauzo. Tuliingia? Hatukuingia vizuri. Mashamba mengi yalishaachwa bila kupandwa upya tangu bei ilipoanguka, mengine yalishataifishwa na kukosa usimamizi, na mkonge hukatwa mara ya kwanza miaka mitatu hivi baada ya kupandwa. Ukiamua kupanda siku bei inapopanda, unavuna siku imeshuka. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Bei ilifanya sehemu yake, na sisi tukafanya yetu. Anayesimulia upande mmoja tu anawapunja wasikilizaji.

Sasa kahawa. Hapa naomba subira yenu, kwa sababu katika historia yote ya bei za nchi hizi sioni somo kubwa kuliko miaka minne hii, 1975 hadi 1979.

Julai 1975 baridi kali ya barafu ilipiga jimbo la Paraná, Brazil. Iliua miti yenyewe, mpaka shina. Mavuno ya mwaka huo mengi yalishachumwa, kwa hiyo pengo lilionekana mwaka uliofuata. Na mti mpya wa kahawa unataka miaka mitatu hadi minne ndipo uzae vya kutosha. Angola, iliyokuwa mzalishaji mkubwa, iliingia vitani mwaka huo huo. Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Bei iliyokuwa chini ya dola 1 kwa ratili ilivuka dola 3 Aprili 1977.

Wazee mliopo mnakumbuka. Upande wa Kenya serikali iliiacha bei ya dunia imfikie mkulima, na vijijini Mlima Kenya watu wakapiga mabati na kununua magari. Uganda, bodi ya kahawa ilikuwa inamlipa mkulima kiduchu, kwa shilingi isiyonunua kitu. Kikatokea nini? Chepkube. Ni mahali padogo mpakani, upande wa Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Kahawa ya Uganda ilivuka hapo usiku kwa punda na kwa vichwa vya watu, ikauzwa kwa fedha taslimu, ikasafirishwa nje kama kahawa ya Kenya. Ukisoma takwimu za miaka hiyo, Kenya inaonekana imeuza zaidi na Uganda imeuza pungufu, na hakuna mti uliohama. Bei ya ndani ikitengana sana na bei ya nje, mzigo unatafuta njia yake, na takwimu zinaufuata mpakani.

Tanzania je? Sisi tulifanya jambo lingine. Akiba ya fedha za kigeni ilijaa, kuliko ilivyozoeleka. Washauri wa nje walisema masharti ya kuagiza bidhaa yamebana mno, yalegezwe. Mwaka 1978 yakalegezwa. Bidhaa zikaingia. Na wakati huo huo miche mipya ya Brazil ilikuwa inakua, na bei ya kahawa ilikuwa imeshaanza kushuka. Kufikia mwisho wa mwaka 1978 akiba ilikuwa imekauka.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, kwa hiyo reli, ndege na simu ilibidi kila nchi ijigharimie. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta tena, zaidi ya maradufu. Panga mambo haya mezani: kahawa inashuka, mafuta yanapanda, vita vinakula, akiba hakuna. Foleni za sukari na sabuni, msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, mazungumzo marefu na Shirika la Fedha la Kimataifa hadi 1986, yote yalipita kwenye mlango huo.

Sasa nawauliza: kosa lilifanyika lini? Mwaka 1979 bei ziliposhuka? Hapana. Kosa lilifanyika 1977 na 1978, bei zilipokuwa juu. Lilifanyika wakati kila mtu anacheka. Nchi ilichukua bei ya miaka miwili ikaipangia matumizi ya kudumu. Kenya nayo haikusalimika. Serikali iliongeza matumizi wakati wa neema na ikashindwa kuyapunguza neema ilipoondoka.

Wengine wamejifunza. Chile, inayoishi kwa shaba, tangu mwaka 2001 inapanga bajeti kwa bei ya shaba ya muda mrefu inayokadiriwa na jopo la wataalamu walio nje ya serikali. Shaba ikipanda juu ya hapo, ziada inawekwa, ikishuka, wanaichota. Botswana ilianzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994 kwa mapato ya almasi. Mifuko hii ina tatizo lake, nalo ni kwamba kuuchota ni rahisi kuliko kuujaza, hasa uchaguzi ukikaribia. Lakini angalau iko.

Na kahawa iliendelea kutufundisha. Hadi Julai 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa mgao wa kuuza kwa kila nchi. Mgao ulipovunjika bei iliporomoka ndani ya miezi michache. Mwishoni mwa 2001 arabika ilifika senti 45 kwa ratili, na hapa mlimani watu waling'oa miti wakapanda nyanya na mahindi. Mwaka 2011 ikavuka dola 3. Aliyeng'oa alitazama tu. Msimamo wangu ni huu: kwa nchi zetu, kuyumba kwa bei kumeumiza kuliko kushuka kwake kwa polepole. Kushuka polepole unaweza kukuona na kuhama. Kuyumba kunakukuta umesaini mkopo.

Tuje kwenye dhahabu. Kijana anayesoma uchumi leo atasema mambo ya kahawa na katani ni ya babu zetu, siku hizi tunauza dhahabu. Ni kweli. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega ulifunguliwa 1998, Geita ukafuata mwaka 2000, na dhahabu ikawa juu ya mazao yote. Ukitumia kikapu cha bidhaa cha mwaka 1990 kupima bei za Tanzania ya leo utapima nchi ambayo haipo tena. Ndiyo sababu mwaka wa kizio lazima usogezwe.

Kwa nchi inayouza dhahabu na kununua mafuta, hesabu nzuri ni hii: wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 hivi, inanunua mapipa mangapi ya mafuta? Julai 2008 pipa lilifika dola 147, dhahabu ikiwa chini ya dola 1,000. Wakia moja, mapipa 6 na nusu hivi. Aprili 2020 dunia imejifungia ndani, mafuta hayana mnunuzi, dhahabu inapanda: wakia moja, zaidi ya mapipa 70. Machi 2022 vita vya Ukraine: mapipa kama 17. Oktoba 2025 dhahabu imevuka dola 4,000, pipa liko kwenye 60 na ushei: mapipa zaidi ya 60. Nigeria na Angola zililia kuanzia 2014 hadi 2016 mafuta yaliposhuka kutoka zaidi ya dola 110 hadi chini ya 30. Sisi tulipumua. Mshtuko mmoja, nchi mbili, majibu mawili.

Ila msishangilie haraka. Bei ya dhahabu ikipanda, dola inaingia kwa nani? Wakia ya mgodi mkubwa ni mali ya mwenye leseni. Inayobaki nchini ni mrabaha, uliopandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6 mwaka 2017, pamoja na kodi, mishahara, manunuzi ya ndani na hisa za serikali. Uwiano wa bei za biashara unahesabu wakia yote. Nchi inaweza kuonekana imetajirika kwenye fahirisi huku sehemu ya utajiri ikilala benki ya mbali. Na kwenye dhahabu bei haina siri, inatangazwa kila siku. Ugomvi wa makinikia, ule mchanga wenye madini unaosafirishwa nje, mwaka 2017 ulihusu kiasi kilichomo ndani ya makontena. Bei sahihi mara kiasi kisicho sahihi ni jibu lisilo sahihi. Masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia 2019 yalisaidia sana kwa wachimbaji wadogo, kwa sababu yalileta mizani na bei mahali pamoja.

Karafuu nitapita haraka. Mnunuzi mkubwa wa Zanzibar alikuwa Indonesia, anayeichanganya kwenye sigara zake. Indonesia ikapanda miti yake yenyewe, ikajitosheleza, na bei ya tani iliyokuwa maelfu ya dola mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa mamia tu katikati ya miaka ya 1990. Mteja mmoja akijitosheleza, umekwisha.

Chai ya Kenya nayo ina funzo la aina yake. Julai 2021 chai ya wakulima wadogo iliwekewa bei ya chini kwenye mnada wa Mombasa, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia njema kabisa. Bei ya soko iliposhuka chini ya hapo, chai haikuuzwa, ikarundikana maghalani, na chai haivumilii kukaa kama mvinyo. Baadaye sharti hilo likaondolewa. Ukiwa na mzigo unaoharibika, na mnunuzi ana maduka mengine ya kwenda, bei ya chini inakuwa bei ya kutouza.

Swali ninaloulizwa sana ni la shilingi. Shilingi ikishuka, si mkulima anafaidi? Sikilizeni vizuri. Shilingi ikishuka, bei ya kahawa kwa shilingi inapanda na bei ya dizeli kwa shilingi inapanda, zote kwa kiwango kile kile. Uwiano wa nchi haubadiliki, kwa sababu juu na chini umezidisha kwa namba moja. Kinachobadilika ni nani ndani ya nchi anabeba mzigo. Mwenye kahawa anapata shilingi nyingi mapema. Mwenye mshahara anaumia kwanza. Juni 1986 dola ilipotoka shilingi 17 hadi 40, hakuna aliyenunua kahawa yetu kwa dola zaidi. Na mwaka 2024 dola ilipofika karibu shilingi 2,700 na kisha kushuka chini ya 2,400 mwezi Desemba, kuna wafanyabiashara walionunua kahawa kwa mkulima kwa dola ya juu wakauza kwa dola ya chini. Walipoteza pesa kwenye mzigo mzuri, wenye bei nzuri.

Sasa nifanye nini kesho asubuhi? Kila chama cha msingi kifungue daftari. Safu ni sita: tarehe, bei ya New York kwa ratili, dola kwa shilingi kama ilivyotangazwa na Benki Kuu, malipo ya mkulima kwa kilo ya kahawa ya maganda, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea mjini kwenu, na lita ya dizeli. Jazeni mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa sababu ndiyo siku EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei za mafuta. Kisha gawanyeni bei ya mfuko kwa bei ya kilo. Jibu ni kilo za kahawa kwa mfuko mmoja. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia.

Yanayoharibu daftari hili ninayajua, niyataje. La kwanza, kuchanganya kahawa ya maganda na kahawa safi. Kilo 100 za maganda zikikobolewa zinatoa kama kilo 80 safi, na bei ya New York ni ya kahawa safi. La pili, kuandika malipo ya awali mwezi huu na jumla ya malipo yote mwezi ujao, ukadhani bei imepanda. Malipo ya nyongeza yarudisheni kwenye msimu wake. La tatu, ruzuku. Msimu wa 2022/23 serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea, bei ya mfuko ilishuka dukani lakini nchi iliendelea kulipa bei ile ile bandarini. Andikeni bei zote mbili. La nne, kubadilisha daraja la kahawa katikati ya mwaka. La tano ndilo linalosahaulika: mbolea mnanunua masika, kahawa mnauza kuanzia Agosti. Uwiano wa mwezi unaonyesha soko linaelekea wapi. Faida ya msimu inataka mbolea ya Machi igawanywe kwa kahawa ya Oktoba.

Na namba ikishuka, yaani mfuko ukinunulika kwa kilo chache kuliko mlivyozoea, hapo ndipo chama kinunue mbolea ya msimu ujao, kahawa ikiwa juu na pesa zipo, kabla hazijageuka harusi na pikipiki. Ghala liwe kavu, mifuko ikae juu ya chaga na mbali na ukuta, kwa sababu urea inanyonya unyevu na kuganda kama chumvi. Mifuko iliyofunguliwa itumike kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, tuanze na mzee wa pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Chepkube.